Mzigo uliookolewa motoni

Juzi mpwa wangu kanitumia ujumbe wa sauti kutoka Tanga. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma, na mafundi wa pale siku hizi masikio yao yote yako Chongoleani, linakoishia bomba la mafuta ya Uganda. "Shikamoo mjomba. Nina swali moja tu. Haya mafuta ya Uganda yakishafika huku, na sisi tutawekewa ule moto wako?"

Ule moto wangu! Nilicheka peke yangu ndani ya lori. Anakumbuka picha niliyoituma kwenye kundi la ukoo Februari 2014: nimevaa makoti mawili, theluji hadi magotini, na nyuma yangu ulimi wa moto mrefu kuliko mnazi. Shangazi yetu mmoja aliandika kwamba Mungu aninusuru na jehanamu ya duniani. Mama hakuandika kitu, alipiga simu.

Nilianza kumjibu kwa sauti, dakika ya nne nikaona ninapotea. Nikamwambia asubiri, nitaandika. Ndiyo haya.

Nilifika Williston, North Dakota, Septemba 2013, nikitokea Minneapolis ambako nilikuwa nasambaza bidhaa za maduka. Waliotangulia walisema kule dereva mwenye leseni ya tangi na ya mizigo ya hatari anachagua kazi kama anavyochagua embe sokoni. Hilo lilikuwa kweli. Ambalo hawakulisema ni kodi: nyumba ya chumba kimoja ilipita dola 2,000 kwa mwezi, katika mji ambao ukitembea kidogo tu umeshafika kwenye mashamba ya ngano. Nililala kwenye lori wiki kadhaa, kisha kwenye kambi ya wafanyakazi, makontena yamepangwa kama masanduku ya soda, wanaume peke yao, kila mtu na soksi zake zinaning'inia.

Usiku wa kwanza niliopewa safari ya kusini, barabara ya 85 kuelekea Watford City, niliona anga nyuma ya kilima limegeuka rangi ya chungwa. Nikadhani mji unaungua. Nikapanda kilima: hakuna mji. Kulikuwa na viwanja vya visima, kimoja hapa, kingine kule, na kila kimoja na mwenge wake. Mwingine mdogo kama wa mkono, mwingine unanguruma hadi kioo cha lori kinatetemeka. Picha za setilaiti za miaka ile zinaonyesha eneo lile, ambalo watu wake ni wachache mno, linawaka usiku kama jiji kubwa.

Mafuta yenyewe si mageni pale. Kisima cha kwanza cha jimbo kilitoa Aprili 1951 karibu na Tioga, na mwamba wa mafuta uitwao Bakken umepewa jina la mkulima wa hukohuko, Henry Bakken. Kilichokuja baadaye ni ufundi wa kuchimba kwenda chini halafu kukata kona, kutoboa mwamba kwa ubavu, na kuupasua kwa maji yenye shinikizo. Visima vikamea kama uyoga. Aprili 2014 jimbo likavuka mapipa milioni moja kwa siku. Na gesi iliyotoka pamoja na mafuta hayo? Miaka ile takriban theluthi moja ilichomwa.

Sasa rudi kwa mama. Alipiga simu, salamu mbili tatu, kisha: "Mwanangu, hicho mnachochoma usiku kucha ni nini?"

Nikamwambia ni gesi. Inatoka na mafuta, haina pa kwenda.

"Gesi gani? Hii ya mtungi?"

Hapo nikakwama kidogo. Nilitaka kusema hapana, lakini ukweli ni kwamba kwa sehemu ndiyo. Gesi ya Bakken ni nzito, ina mafuta kama nyama ya mkia. Nyingi ni methani, ile inayokwenda kwenye mitambo ya umeme, lakini ndani yake mna propani na butani, ambazo ndizo zinazojaa kwenye mtungi wa jikoni. Kila futi 1,000 za ujazo zinaweza kubeba kama galoni 8 hadi 12 za vimiminika hivyo, ukihesabu na ethani. Nikamwambia, "Ndiyo mama, na ya mtungi imo humo."

Kimya. Kisha akasema: "Kwa hiyo mnakamua tui la kwanza, halafu chicha mnaitupa hata tui la pili hamjalitoa?"

Nimesoma ripoti nyingi tangu siku ile na nimewasikiliza wahandisi wenye kofia nyeupe wakieleza kwa michoro. Hakuna aliyeniwekea jambo lile wazi kuliko mama, akiwa amekaa kwenye kibao chake cha mbuzi.

Na majira yale yalikuwa na kejeli yake. Januari 2014 propani iliadimika katikati ya Marekani. Wakulima walikuwa wamevuna mahindi yenye unyevu, wakatumia propani nyingi kuyakausha, kisha baridi kali ikaingia. Bei ya majumbani ikapita dola 4 kwa galoni. Kwenye eneo la kabila la Standing Rock, ambalo sehemu yake imo ndani ya jimbo hilihili, viongozi walitangaza dharura kwa sababu watu walikuwa hawana cha kuwashia moto wa nyumbani. Mimi jioni ileile nilikuwa napita kando ya propani inayoungua hewani bila sufuria juu yake.

Kwa nini? Wengi huko nyumbani hudhani ni uzembe au roho mbaya. Uzembe upo, sikatai, lakini hesabu ndiyo iliyouzaa. Kisima kikifunguliwa, mafuta yanaweza kuondoka siku hiyohiyo kwa lori, nimeyabeba mwenyewe. Gesi haipandi lori hivihivi. Inataka bomba, kompresa, na kiwanda cha kuichakata. Bomba linataka mkuza, yaani ukanda wa ardhi wa kupitia, na mkuza unataka sahihi ya kila mwenye shamba, ambaye tayari ameshachimbiwa la maji na la mafuta na amechoka kuona tingatinga. Kwenye ardhi ya makabila pale Fort Berthold vibali vinapita mikono mingi zaidi. Na ardhi ikiganda, kuchimba mtaro ni kama kuchimba saruji.

Juu ya hayo, kisima cha Bakken kina ujana mfupi. Kinatoka kwa kishindo, na mwaka wa kwanza haujaisha kimeshapoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake. Ukijenga bomba la kutosha kishindo cha kwanza, mwaka wa pili linabaki karibu tupu na fedha imelala. Ukijenga la kutosha mwaka wa pili, miezi ya mwanzo gesi inafurika, inapelekwa kwenye mwenge. Pipa la mafuta wakati huo lilikuwa karibu dola 100. Nani angefunga pipa la dola 100 kusubiri gesi ya dola 4? Tena mwaka mzima wa kwanza kampuni iliruhusiwa kuchoma bila kulipia kodi wala mrabaha. Kwa mwenye ardhi, gesi ikiungua na fungu lake linaungua nalo, na ndiyo maana Oktoba 2013 baadhi yao walikwenda mahakamani.

Kilichobadilisha mambo ni karatasi. Tarehe 1 Julai 2014 tume ya viwanda ya jimbo ilitoa amri namba 24665. Iliweka shabaha: gesi inayokusanywa ifike asilimia 74 ifikapo Oktoba mwaka ule, 77 Januari iliyofuata, na kupanda hivyo hadi tisini. Shabaha peke yake hazina meno, sote tunazijua shabaha. Meno yalikuwa kwenye adhabu. Asiyefikia, kisima chake kinafungwa breki: mapipa 200 kwa siku kama anakusanya angalau asilimia 60 ya gesi, na chini ya hapo mapipa 100. Hawakumtoza faini ya gesi. Walimshika kwenye mafuta.

Wiki chache baadaye simu ya bosi wangu ilikuwa haipoi.

Kampuni niliyoifanyia kazi kuanzia Oktoba 2014 ilikodisha mitambo ya kubebeka. Fikiria kontena mbili tatu juu ya fremu za chuma, unazivuta hadi kwenye kiwanja cha visima ambacho bomba halijafika, unazichomeka kwenye njia ya gesi kabla haijafika kwenye mwenge. Ndani kuna kompresa inayoibana gesi na mashine ya kuipoza sana. Ikipoa, propani, butani na ndugu zao wazito wanageuka kimiminika na kudondoka kwenye tangi. Methani nyepesi inaendelea na safari yake. Nyingine inaendesha jenereta la mtambo wenyewe, nyingine kwenye mitambo ya kuchimbia badala ya dizeli, na inayobaki, niseme ukweli, inarudi kuungua. Kwa hiyo moto haukuzimika. Ulipungua na kubadilika rangi, ukatoka kwenye ule wekundu wenye moshi ukawa mwembamba wa buluu. Tui la pili lilikuwa limetoka.

Mimi ndiye niliyelibeba hilo tui. Tangi la shinikizo la kama galoni 10,000, nalipeleka hadi kituo cha kupakia kwenye mabehewa ya treni. Halijazwi hadi juu kamwe, kwa sababu kimiminika kile kikipata joto kinavimba na kinahitaji nafasi. Unafika, unafunga breki, unaunganisha waya wa kutuliza umeme kabla hujagusa kitu kingine chochote, unaunga bomba la kimiminika na la mvuke, unasimama upande ambao upepo unatoka. Nguo zote ni zile zisizoshika moto. Kwenye kifua unaning'iniza kifaa cha kunusa gesi, kwa sababu pua haikusaidii: ile harufu ya mtungi unayoijua jikoni huongezwa makusudi baadaye. Gesi mbichi ya kisimani inaweza kukuzunguka nawe unafikiria chakula cha jioni.

Baridi ilikuwa adui kuliko moto. Siku moja, nyuzi 30 chini ya sifuri, nimeendesha saa mbili na nusu kufika kwenye kiwanja, nakuta mtambo umesimama. Maji kidogo yaliyokuwamo kwenye gesi yameganda ndani ya bomba, yameziba kama mafuta ya nyama kwenye sinki. Fundi wa zamu, kijana wa Texas ambaye hakuwahi kuona theluji kabla ya mwaka ule, alikuwa anamwagia vali maji ya moto kutoka kwenye birika la kahawa. Tukapokezana birika. Saa nne. Pembeni yetu mwenge umechukua gesi yote na unanguruma, nasi wawili, wallahi, tumegeuza migongo kuelekea kule ili tuote. Nilirudi na tangi tupu. Sikulipwa safari ile, na mgawa safari aliniuliza kwa nini sikupiga picha kama ushahidi.

Kuna tukio jingine silisahau. Machi 2015, upepo wa kukata masikio, nimeshuka kwenye lori na kitu cha ajabu ni kwamba kulikuwa kimya na giza. Nikafurahi, nikadhani bomba limefika. Kifaa cha kifuani kikaanza kupiga kelele. Upepo ulikuwa umezima mwenge na gesi ilikuwa inatoka mbichi, yote, haionekani. Nilirudi nyuma upande upepo unakotoka, nikaliacha lori pale lilipo bila kugusa swichi, nikatembea hadi barabarani ndipo nikapiga simu. Mwaka 2022 wanasayansi waliopima kwa ndege juu ya Bakken na maeneo mawili ya Texas walichapisha matokeo: mienge ambayo ilihesabiwa inateketeza asilimia 98 ya methani, ukweli wake ni kama 91, na sehemu ya pengo hilo ni mienge iliyozimika. Methani isiyoungua, kwa kipimo cha miaka 20, hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko uzito uleule wa hewa ukaa. Kwa hiyo mwenge unaowaka ni hasara, na mwenge uliozimika bila bomba ni hasara mbaya zaidi. Hili watu wengi wanaopita barabarani hawalijui. Wakiona giza wanashukuru.

Lakini hebu niseme la biashara, maana wapo wanaosema gesi ikiwa na thamani itajiokoa yenyewe. Mimi nilikuwa ndani ya biashara hiyo na nakwambia haikuwa hivyo. Mwishoni mwa 2014 bei zilianza kuporomoka. Mwaka 2015 propani ilishuka hadi kule Alberta, kwa majirani zetu wa Kanada, ilifika mahali muuzaji anamlipa mtu aichukue. Mzigo wangu wa galoni elfu kadhaa pengine haukurudisha hata gharama ya dizeli na mshahara wangu. Mbona basi mtambo haukuondolewa? Kwa sababu kilichookolewa kilihesabiwa kwenye ile asilimia, na asilimia ile ndiyo iliyoruhusu mafuta yaendelee kutoka bila breki. Mteja halisi wa mtambo wetu hakuwa mnunuzi wa propani. Alikuwa ni kisima chenyewe. Bila amri ya Julai, mitambo ile ingekuwa imefungashwa kabla ya Krismasi.

Amri nayo ililegezwa, msidhani ilikuwa msahafu. Mwaka 2015 kampuni zililia, tarehe zikasogezwa mbele. Na asilimia zina ujanja wake. Mwaka 2019 gesi iliyokusanywa ilikuwa nyingi kuliko ya 2014 kwa asilimia, ila gesi yenyewe ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara mbili, kwa hiyo iliyochomwa ilipita futi za ujazo milioni 500 kwa siku, wakati 2014 ilikuwa chini ya milioni 400. Ukisikia mtu anakupa asilimia tu, muulize ya ngapi.

Kazi yangu iliisha Juni 2016, na iliisha kwa njia nzuri, ingawa siku hiyo sikuiona hivyo. Bomba lilifika kwenye viwanja vitatu nilivyokuwa navihudumia. Mtambo ukafunguliwa boliti, ukapakiwa, ukaondoka. Bosi akanishukuru, akanipa kofia. Pipa lilikuwa limeanguka chini ya dola 30 mwanzoni mwa mwaka na hakuna aliyekuwa anaajiri. Nikarudi Minnesota kubeba maziwa miaka mitatu. Maziwa nayo hayasubiri, lakini angalau hayalipuki.

Siku hizi nakwenda Dakota mara moja moja. Viwanda vya kuchakata vimeongezeka, na gesi inayokusanywa ni kama asilimia 95. Kwenye visima vya mbali nimekuta kontena za kompyuta za kuchimba bitikoini, ile fedha ya mtandaoni, zinazotumia umeme wa jenereta linalokula gesi ambayo ingechomwa. Kampuni ya Crusoe ya Denver, iliyoanzishwa 2018, ni miongoni mwa zilizoueneza mtindo huo. Zinavuma kama mzinga wa nyuki. Sijui nizicheke au nizisifu. Methani inaungua vizuri zaidi ndani ya injini kuliko kwenye upepo, hilo ni kweli. Ila kumweleza mama kwamba chicha sasa wanaigeuza namba kwenye simu, nimeshindwa.

Na mwaka jana nilipotea. Nilikuwa natafuta kiwanja kimoja cha zamani kusini ya Watford City. Barabara za mashamba kule zote zinafanana, zimechorwa kwa rula, na nilikuwa nimezoea kukata kona kwenye mwenge mkubwa ulioinamia magharibi. Nikapita kona mara mbili. Mwenge haupo. Pana bomba jembamba lenye kimoto cha akiba, kama cha kibatari, na alizeti hadi kwenye uzio.

Sasa mpwa wangu, jibu lako. Chongoleani hamtaona moto kama ule. Bomba linalotoka Hoima, kilomita 1,443, linaleta mafuta ambayo gesi yake imeshatengwa kulekule Uganda. Huko Tanga ni matangi na gati. Kama patakuwa na mwenge ni huko Buliisa na Kingfisher, kando ya Ziwa Albert, na wenzetu walifanya jambo la maana: sheria yao ya mafuta ya 2013 inakataza kuchoma gesi kupita kiasi kinachohitajika kwa usalama wa kazi bila idhini ya waziri, isipokuwa kwa dharura, na waliiandika kabla ya pipa la kwanza la kuuza. Norway walifanya hivyohivyo 1971, bunge likasema gesi inayofaa haichomwi ila kwa majaribio mafupi. Dakota wao walichimba kwanza, sheria yenye meno ikaja mbio nyuma. Uganda mpango ni kwamba gesi iendeshe mitambo na kupasha joto, na sehemu yake igeuzwe ya kupikia. Idhini ya waziri itatolewa mara ngapi, hapo ndipo pa kukodolea macho.

Na sisi gesi yetu ya Songosongo haikuungua kwa sababu haikuwa na mafuta ya kuiburuta juu. Ilipatikana 1974, ikakaa chini ikisubiri bomba hadi 2004 ndipo ikafika Dar es Salaam. Miaka thelathini tuliita uzembe. Gesi inayopanda na mafuta haipewi hata siku moja ya kusubiri.

Nilimsomea haya kwa simu kabla ya kuyaweka hapa. Akasikiliza yote, mtoto mvumilivu. Kisha: "Nimekuelewa mjomba. Hiyo ya kupikia itakayopatikana Uganda, na yenyewe inakuja kwenye hili bomba?"

Nikamwambia hapana. Bomba ni la mafuta tu.

"Basi nitamwambia bibi asigawe lile jiko lake la mkaa."